Maji ya Jirani: Haki na Suluhu baina ya Mwenye Juu na Mwenye Chini

Kwa Jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu.



Katika mikutano ya jamaa za Kiislamu husemwa mengi juu ya elimu, ndoa na maziko, na hayo yote ni mambo makubwa. Leo laletwa mbele ya baraza hili jambo ambalo aghalabu huhesabiwa kuwa dogo, nalo ni maji ya mvua na maji machafu baina ya watu wakaao katika jengo moja. Hakika ni dogo, lakini kwa siku ya kwanza tu. Siku ya kwanza ni tone. Mwezi wa pili ni doa ukutani. Mwaka wa pili ni kesi. Majirani waliofuturu pamoja Ramadhani moja huweza kukutana mbele ya hakimu kabla ya Ramadhani ya pili, na asili ya ugomvi wao wote ni bomba la inchi nne.

Mbuya ni kilima. Kipo upande wa mashariki wa jiji la Kampala, katika divisheni ya Nakawa. Kutoka kileleni ardhi yateremka upande mmoja kuelekea Bugolobi na Nakawa, na upande mwingine kuelekea bonde la Kinawataka, ambalo zamani lilijaa mafunjo. Mvua huja kwa misimu miwili: ya kwanza baina ya Machi na Mei, na ya pili katika miezi ya mwisho wa mwaka. Nazo si mvua za manyunyu. Wingu moja la alasiri laweza kufunga njia zote za bondeni kwa muda wa saa moja.

Hesabu ya maji hayo ni nyepesi, na yafaa kila mwenye nyumba aijue. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la bati lenye urefu wa mita 12 na upana wa mita 10 lina mita za mraba 120. Ikinyesha milimita 50, paa hilo peke yake litakusanya lita 6,000, yaani mapipa 30 ya lita 200, na uzito wake ni tani 6. Kabla nyumba haijajengwa, maji hayo yalienea juu ya majani na kuzama ardhini polepole. Nyumba ikisha kujengwa na ua ukasakafiwa kwa saruji, hayana tena pa kuzama. Hapana budi yaende, na huko yaendako pana mtu.

Hapo ndipo penye asili ya ugomvi. Na katika nyumba ya ghorofa, au katika vyumba vya kupangisha vilivyopangana safu moja chini ya paa moja, huyo mtu hayuko ng'ambo ya njia. Yuko chini ya sakafu, au nyuma ya ukuta wa unene wa tofali moja. Dari ya huyu ni sakafu ya yule. Bomba la yule limepita ndani ya ukuta wa huyu. Hapana hata mmoja awezaye kusema, "Hiki ni changu peke yangu, nitakifanya nitakavyo."

Chukulieni mfano wa nyumba ya namna hiyo. Chini anakaa mama mshonaji na watoto wake. Juu anakaa mzee mstaafu na jamaa zake. Katika msimu wa mvua dari ya mama yaanza kutota penye pembe moja, na siku moja maji yadondokea kitambaa cha harusi cha mteja, nacho chaharibika. Mama hana fedha ya kulipa kitambaa cha watu. Kwa uchungu agonga dari kwa mpini wa ufagio. Walio juu waona wametukanwa, nao wanyamaza. Mama awaeleza wanawake wa bombani. Maneno yapanda ngazi kabla yake, nayo yamekwisha kuongezwa chumvi. Hatimaye kijana wa mama achukua matambara na saruji, aziba tundu la bomba la maji machafu litokalo juu. Usiku ule ule maji ya choo yarudi nyuma, yafurika katika bafu la mzee, na mzee mwenyewe ateleza akaumia nyonga. Tangu siku hiyo hawasalimiani.

Basi akaja fundi, akapanda juu ya paa, akakuta nini? Mfereji wa paa umezibwa na majani ya mwembe. Maji ya mvua yalipokosa njia yaliingia ndani ya ukuta, yakashuka mpaka kwenye dari ya mama. Bomba lililozibwa halikuwa na kosa lo lote. Mama amedhuriwa kweli, lakini si na yule aliyemdhania. Mzee ameumia kweli, kwa kosa asilolitenda. Na mwembe ulikuwa wa nyumba ya tatu.

Mfano huu waonyesha mambo mawili. La kwanza, katika habari ya maji jicho hudanganya, kwani maji hayatokei pale yalipoingilia. La pili, anayelipiza kabla ya kupeleleza huweza kuwa mdhalimu hali alianza akiwa mdhulumiwa.

Ndugu wasikilizaji, wanazuoni hawakulidharau jambo hili. Imepokewa katika Musnad ya Imam Ahmad bin Hanbal kwamba Al-Abbas, ami yake Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa na mlizamu wa paa uliomwagia maji katika njia apitayo Umar bin al-Khattab. Siku moja ya Ijumaa Umar alikuwa amevaa nguo zake kwenda msikitini, akadondokewa na maji yaliyochanganyika na damu ya vifaranga vilivyochinjwa huko juu. Akaamuru mlizamu uondolewe, akarudi kubadili nguo, kisha akaenda kuswalisha. Baadaye Al-Abbas alimjia akamweleza kuwa mlizamu ule uliwekwa pale na Mtume mwenyewe. Umar, naye ni Khalifa, akamtaka Al-Abbas apande juu ya mgongo wake ili aurudishe mahali pake.

Watu husimulia habari hii kuonyesha unyenyekevu wa Umar, nao wasema kweli. Lakini ndani yake mna hukumu pia. Umar aliona madhara, akayaondoa. Hilo lilikuwa haki ya wapita njia. Kisha akasikia ushahidi ambao hakuwa nao hapo kwanza, akabadili uamuzi wake bila kuona haya. Ni wangapi leo, wakiisha kujua kwamba walimshutumu jirani bure, hurudi kwake na kutengeneza walichokibomoa?

Katika Muwatta ya Imam Malik imo habari nyingine. Al-Dahhak bin Khalifa alitaka kupitisha mfereji wa maji katika ardhi ya Muhammad bin Maslama. Muhammad akakataa, ingawa mfereji ule ungemfaa yeye pia, wala usingemdhuru. Shauri lilipofika kwa Umar, aliamua kwa maneno makali kwamba mfereji utapita. Hapa mafundisho yaelekea upande wa pili: asiyedhurika na njia ya maji ya mwenziwe, naye huikataa kwa ukaidi tu, hana hoja ya kusimamia.

Karne nyingi baadaye dola ya Uthmaniya iliandika kanuni zake za madai katika kitabu kiitwacho Majalla, kilichotungwa kwa sehemu baina ya mwaka 1869 na 1876, na baraza la watungaji likiongozwa na Ahmed Cevdet Pasha. Kitabu hicho ni cha madhehebu ya Hanafi, na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki ni wa Shafi. Wala hakikupata kuwa sheria ya Uganda. Walakini hekima yake yafaa kusikilizwa, maana kifungu chake cha 1192 chataja nyumba ya watu wawili, mmoja juu na mmoja chini. Chasema kwa maana kwamba mwenye juu ana haki ya kusimama juu ya jengo la chini, na mwenye chini ana haki ya kusitiriwa na jengo la juu asipigwe na jua wala mvua; basi kila mmoja azuiliwe kufanya jambo la kumdhuru mwenziwe pasipo ruhusa yake. Kwa hiyo mwenye chini hana ruhusa ya kuchimba msingi akatafuta nafasi ya duka, na mwenye juu hana ruhusa ya kuacha sakafu ya bafu lake ikapitisha maji.

Katika kitabu hicho hicho zimo kanuni mbili ambazo kwa mtazamo wa kwanza zapingana. Moja yasema kwamba jambo la kale liachwe kama lilivyo. Ndiyo maana njia ya maji iliyotumika tangu zamani haiondolewi kwa sababu tu jirani mpya haipendi. Ya pili yasema kwamba madhara hayahalalishwi na ukale wake. Ukizipima pamoja, maana yake yadhihirika: haki ya kupitisha maji hudumu, lakini haki ya kudhuru haipo, hata kama madhara yana umri wa miaka arubaini. Na kanuni ya tatu yamhusu yule kijana wa matambara na saruji: madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake.

Ama kwa upande wa serikali, hakuna upungufu wa milango ya kubisha. Sheria ya Mahakama za Mabaraza ya Mitaa ya mwaka 2006 yaipa mahakama ya LC mamlaka ya kusikiliza mashauri ya uharibifu wa mali, na kazi yake ni kusuluhisha kabla ya kuadhibu. Sheria ya Afya ya Umma, ambayo asili yake ni mwaka 1935, yahesabu mtaro mchafu na maji yaliyotuama yanayohatarisha afya kuwa kero ipasayo kuondolewa. Halmashauri ya jiji, ijulikanayo kwa herufi KCCA, iliyoanza kazi mwaka 2011 mahali pa Baraza la Jiji la zamani, ina maofisa wa afya na wa majengo. Na kwa majengo yaliyogawanywa na kuuzwa sehemu sehemu, Sheria ya Kondominiamu ya mwaka 2001 yaweka shirika la wenye nyumba; vitu vya pamoja ni mali ya wote kwa mafungu yao, na kila mmoja huchangia gharama kwa kadiri ya fungu lake.

Pamoja na hayo, milango hiyo ni ya mwisho, si ya kwanza. Hukumu humpa mtu haki yake, lakini haimrudishii jirani. Anayeshinda kesi dhidi ya mwenye juu atalala usiku ule ule chini ya sakafu yake.

Basi njia iliyo bora ni ipi? Yafaa ipangwe kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni kupeleleza. Pakitota baada ya mvua tu, tuhuma iende kwa paa, mfereji wa paa na ufa wa ukuta. Pakitota kila siku, mvua na jua, tuhuma iende kwa bomba la maji safi. Mifereji yote ya nyumba ifungwe, kisha mita itazamwe, na sindano yake ikizunguka, maji yanapotea mahali. Pakitota kila watu wa juu wanapooga au kufua, tuhuma iende kwa bomba la maji machafu au sakafu ya bafu. Ikiwa bado kuna shaka, na yamiminwe maji yenye buluu ya kufulia katika tundu la bafu, na watu wangoje chini waone kama buluu itatokea. Kipimo hiki hakigharimu chochote cha maana, nacho huzima mabishano ya miezi sita.

Hatua ya pili ni kwenda mwenyewe, kwa adabu, mchana, bila ya kundi la watu. Asiende mtu siku ile ile ya hasira. Amwite mwenzake kwa jina la heshima alilozoea kuitwa, Hajji au Mzee au Mama, na aanze kwa salamu. Kisha aseme, "Mzee, kuna maji yanayoshuka kwangu, na chanzo chake hakijulikani. Naomba tutazame pamoja." Maneno hayo hayana tuhuma, na mzee aliye na haya hawezi kuyakataa. Lakini akisema, "Maji yako yananiharibia," amekwisha kutoa hukumu kabla ya shahidi, na jibu litakuwa la mshitakiwa.

Hatua ya tatu ni kumleta fundi mmoja aliyekubaliwa na pande zote mbili, wala si mafundi wawili, kila mmoja na fundi wake. Na mwenye jengo aitwe. Mpangaji hana wajibu wa kujenga upya paa la mtu mwingine. Wajibu wake ni kutoa habari mapema, kutotupa mafuta ya kupikia na matambara katika bomba, na kumfungulia fundi mlango. Mwenye jengo anayepokea kodi kila mwezi na kuwaacha wapangaji wagombane juu ya bomba lake amejificha nyuma ya ugomvi wao.

Hatua ya nne ni gharama. Kanuni ya haki si ngumu: kitu kinachowafaa wote kilipiwe na wote, na kinachomfaa mmoja kilipiwe na huyo mmoja. Paa, mfereji wake, bomba kuu la kushukia na shimo la maji machafu ni vya wote. Sinki ya jikoni ya juu na kipande cha bomba kinachoihudumia ni ya mwenye juu. Asije aliye chini akasema kwamba paa halimhusu, kwa kuwa mvua ikipita paa haiishii juu. Na aliyeharibu kwa mkono wake, kama yule kijana, atengeneze alichoharibu, hata kama moyo wake ulikuwa na uchungu wa haki.

Hatua ya tano ni kuandika. Suluhu ya mdomo husahauliwa mvua zikikatika. Na iandikwe karatasi moja, watie sahihi wawili wale na mashahidi wawili: ni nani atasafisha mfereji wa paa kabla ya Machi na kabla ya Septemba, shimo litanyonywa lini, na fedha zitawekwa kwa nani. Mabibi wa nyumba wasiachwe nje ya mapatano hayo. Wao ndio wafuao, wapikao na kuwaogesha watoto. Wajua bomba lipi limeanza kwenda polepole wiki mbili kabla ya mabwana kusikia harufu.

Ndugu watukufu, sasa limebaki jambo zito kuliko yote yaliyotangulia. Mara nyingi mwenye juu na mwenye chini hupatana vizuri sana, wakakunjua mikono, wakapeana asali, na mapatano yao ni haya: bomba lielekezwe nje, maji yaende njiani. Wameondoa ugomvi wa watu wawili kwa kuwatwika watu mia. Maji ya njiani Mbuya hayakai Mbuya. Hushuka. Yakikusanywa na bomba na kutupwa mahali pamoja huchimba ardhi, hubeba taka, na hufika bondeni yakiwa na nguvu ambayo hayakuwa nayo yalipokuwa mvua. Huko Kinawataka mna vyumba ambavyo vizingiti vyake vi sawa na ardhi, na wakaao humo hawakualikwa katika kikao cha suluhu.

Mvua kubwa iliyonyesha Kampala tarehe 26 Machi 2025 iligharikisha mitaa ya mabondeni na watu kadhaa wakafa maji. Mwishoni mwa mwaka 1997, wakati wa mvua za El Niño, kipindupindu kiliingia katika mitaa ya chini ya mji huu, kwa kuwa maji ya vyoo na maji ya kunywa yalichanganyika. Misiba hiyo haikuletwa na nyumba moja. Lakini ililetwa na nyumba, moja moja, kila moja ikiwa na bomba lake na udhuru wake.

Wala maji hayo hayapotei. Mkondo wa Kinawataka humwaga katika Ghuba ya Murchison ya Ziwa Viktoria, na sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Kampala huvutwa Ggaba, katika ghuba hiyo hiyo. Yatupwayo mlimani asubuhi na mtu asiyejali, hulipiwa dawa na gharama ya kuyasafisha, kisha humrudia katika birika lake la udhu.

Kwa hiyo suluhu iliyo kamili ni ya watu watatu: mwenye juu, mwenye chini, na yule wa bondeni asiyekuwapo. Maji ya paa yatiwe katika tangi yakafae kufulia na kusafishia. Nalo tangi la lita 5,000, kama hesabu ilivyoonyesha, laweza kujaa kwa mvua moja, basi mfereji wake wa kufurikia uwe na njia maalum. Yanayozidi yaelekezwe katika shimo lenye mawe la kunyonya maji, mbali na msingi wa nyumba, au katika mtaro wa jiji uliojengwa kwa kazi hiyo. Maji ya vyoo yasichanganywe kamwe na maji ya mvua. Sehemu ya ua iachwe bila saruji, ioteshwe majani. Na misikiti ianze kuonyesha mfano: maji ya udhu wa mamia ya watu siku ya Ijumaa ni maji ya jirani pia, na isisemwe kwamba nyumba ya ibada imemtotesha mtu kitanda.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta wa tofali hujengwa tena kwa wiki moja. Ukuta uliosimama baina ya mzee wa juu na mama wa chini, wanaopishana ngazini bila salamu, haujengwi na fundi wala haubomolewi na fundi. Yataka mmoja wao atangulie kubisha hodi. Na atakayetangulia si lazima awe mwenye makosa.

Mwenyezi Mungu atujaalie majirani wema, na atujaalie kuwa majirani wema kwa wale tuwaonao na wale tusiowaona. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.